Programu ya wiki 12 ya kupunguza uzito kituo cha afya: nipime nini, na kilo 3 zinatosha kusema imefanya kazi?

LisheMwambao

Habari za kazi wakuu. Naomba mawazo ya wanaozijua tafiti za lishe kabla sijapeleka andiko kwa mganga mkuu.

Tunataka kuanzisha programu ya wiki 12 ya kupunguza uzito kwenye kituo cha afya, Tanga mjini. Walengwa ni wanawake 60 wa miaka 25 hadi 55 wenye kiribatumbo, yaani BMI (kilo gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) ya 30 na kuendelea. Wengi watatoka kliniki ya presha na kisukari. Mpango ulivyo kwa sasa: kila Jumamosi kikao cha saa moja na nusu, somo la lishe kisha mazoezi mepesi. Kila mama anapewa karatasi ya mlo wa kilokalori 1,200 kwa siku. Uzito unapimwa mbele ya kundi kila wiki, na atakayepungua zaidi anaondoka na blenda. Mwishoni tunalinganisha wastani wa wiki ya 1 na wa wiki ya 12. Ukishuka kilo 3 au zaidi, tunaomba fedha za kupeleka vituo vingine.

Vifaa vilivyopo: mizani ya bafuni ya mshale, ubao wa kupimia urefu, na futi kamba ya fundi cherehani.

Maswali: (a) vipimo gani ni vya lazima na vinachukuliwaje, (b) hiyo 1,200 iko sawa, (c) kilo 3 zinatosha kudai programu imefanya kazi? Nawasilisha.

---

Kengeuko

Naanza na (c), maana hapo ndipo andiko lako litakapoangukia.

Kilo 3 zikisimama peke yake hazisemi kitu. Kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2017, watu 1,267 waligawanywa kwa bahati nasibu makundi matatu. Kundi la kwanza walipewa ushauri mfupi na kijitabu tu. La pili waliingia programu ya vikao kwa wiki 12, la tatu wiki 52. Baada ya mwaka mmoja, wa kijitabu walikuwa wamepungua wastani wa kilo 3.26, wa wiki 12 kilo 4.75, wa wiki 52 kilo 6.76. Sasa angalia hiyo namba ya kwanza. Mtu aliyekubali kuingia utafiti, akapimwa na kujua atapimwa tena, tayari ameshaanza kupunguza. Wewe ukipata kilo 3 bila kundi linganishi, huna namna ya kujua kama ni vikao vyako vya Jumamosi au ni mizani tu.

Baada ya miaka miwili, makundi yale yale yalikuwa kwenye kilo 2.30, 3.05 na 4.29. Uzito unarudi kwa kila mtu, na wiki ya 12 ndipo mahali pazuri kuliko pote pa kupiga picha. Kwa hiyo kipimo chako kikuu kiwe cha miezi 12. Cha wiki 12 kichukue, lakini usikifanye ndicho hukumu.

La pili ni wanaoacha. Tuseme wameanza 60, wamemaliza 34, na hao 34 wamepungua wastani wa kilo 4.6. Ripoti nyingi zitaandika "washiriki walipungua kilo 4.6". Lakini wale 26 wameenda wapi? Anayeona uzito haushuki ndiye wa kwanza kuacha kuja. Ukiwahesabu kwamba wamebaki na uzito wao wa mwanzo, hesabu inakuwa 34 × 4.6 ÷ 60, sawa na kilo 2.6. Andika namba zote mbili, na ile ya 60 itangulie. Na usidhani hiyo 2.6 imepunguzwa kupita kiasi, kwa sababu baadhi ya walioacha watakuwa wameongezeka. Dawa yake ni kuwafuata. Chukua namba mbili za simu kwa kila mshiriki, yake na ya ndugu anayeishi naye, na tenga nauli ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii kumpelekea mizani nyumbani asiyekuja. Kifungu hicho cha bajeti kina faida kuliko blenda.

Presha na sukari ndiyo usizitumie kabisa kwa mtindo wa kabla na baada. Ukichagua watu kwa sababu siku ile presha ilisoma juu, mara ya pili itasoma chini kidogo hata kama hukuwafanyia lolote.

---

MizaniSawa

Nachukua (a).

Hiyo mizani ya mshale iache. Springi inalegea na joto, na kila msomaji anaona mshale kwa pembe yake. Tafuta ya kidijitali inayosoma gramu 100 au chini ya hapo, ya kilo 150 angalau, 200 ikipatikana. Iweke kwenye sakafu ya saruji au vigae, kamwe si juu ya mkeka au zulia. Kila asubuhi kabla ya mtu wa kwanza, ihakiki. Kama huna mawe ya mizani, chukua madumu matatu ya maji ya lita 20 yaliyofungwa vizuri, yapime siku moja kwenye mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, andika uzito kwa wino wa kudumu kwenye kila dumu. Yapandishe moja, mawili, matatu. Ikipishana zaidi ya gramu 200 siku hiyo usipime mtu. Dumu moja halitoshi: mizani inaweza kuwa sahihi kwenye kilo 20 na ikadanganya kwenye 60.

Uzito: bila viatu, simu na funguo pembeni, awe ametoka msalani, na saa iwe ile ile kila mara. Chakula cha mchana na maji vinaweza kuongeza kilo moja bila mafuta yoyote kuongezeka mwilini. Ukipima mwanzo saa mbili asubuhi na mwisho saa tisa alasiri, umeshakula theluthi ya zile kilo 3 zako.

Urefu upime siku ya mwanzo tu, lakini uupime vizuri. Visigino, makalio na mabega viguse ubao, macho yatazame mbele sawa, na kipande cha ubao kinachoshuka kiguse fuvu, si kilemba wala rasta. Mama wa kilo 84 mwenye sentimita 158 ana BMI 33.6. Mpe sentimita 2 za nywele, inakuwa 32.8. Kwa mwenye 30.4, kosa hilo hilo linamtoa nje ya utafiti.

Kiuno ndicho kinachoharibiwa kuliko vyote. Si kwenye kitovu wala pale sketi inapokaa. Tafuta kwa vidole ubavu wa mwisho, kisha juu ya mfupa wa nyonga, weka alama katikati ya hivyo viwili, pande zote mbili. Futi kamba ipite kwenye alama, iwe sambamba na sakafu mpaka mgongoni (mtu wa pili aangalie nyuma), iguse ngozi bila kuibana. Soma mwisho wa pumzi ya kawaida ya kutoa. Mwambie atazame mbele na umsemeshe kidogo, maana kila mtu akiona futi kamba anavuta tumbo ndani. Ya fundi cherehani hunyooka ikitumika sana. Ilinganishe na rula ya chuma kila wiki au nunua isiyovutika. Kwa wanawake kikomo ni sentimita 80. Uchambuzi wa takwimu za nchi nane za Afrika kusini mwa Sahara ulipata takriban 81 kwa wanawake na kwa wanaume pia, wakati kikomo cha kawaida cha wanaume ni 94. Kwenu ni wanawake tu, kwa hiyo bakini na 80.

Kila kipimo mara mbili, na msomaji wa pili asione alichoandika wa kwanza. Zikipishana zaidi ya gramu 200, nusu sentimita kwa urefu au sentimita 1 kwa kiuno, pima ya tatu.

Ukimaliza siku ya kwanza, kagua tarakimu za mwisho za urefu. Watu 60, tarakimu kumi, kila moja inatarajiwa kutokea kama mara 6. Ukikuta 0 na 5 peke yake zimetokea mara 30, kuna mtu anakadiria badala ya kusoma. Rudisha mafunzo kabla hujaendelea.

Na anayepima asiwe anayefundisha. Mwalimu anataka uzito ushuke, mkono wake unajua hilo hata kama yeye hajui.

---

KlinikiYaJumanne

Kwa ufupi, mambo matatu ya usalama.

Umesema wengi ni wa kliniki ya kisukari. Anayetumia glibenclamide (kidonge cha kushusha sukari) au insulini akikatwa chakula ghafla, sukari inaweza kushuka hadi akaanguka. Dawa zipitiwe na daktari *kabla* ya kikao cha kwanza, na kila mmoja afundishwe dalili: kutetemeka, jasho la baridi, kuchanganyikiwa. Dawa za presha nazo huhitaji kupunguzwa uzito ukishuka. Kizunguzungu anaposimama ndiyo dalili ya kuuliza. Kwenye utafiti mwingine wa Uingereza, wa mlo wa kilokalori 825 hadi 853 kwa siku, ambapo 46% hawakuwa tena na kisukari baada ya mwaka, dawa za kisukari na presha zilisimamishwa siku ya kwanza chini ya uangalizi. Watu wanasoma hiyo 46% na kuruka hiyo sentensi ya dawa.

Wasiingizwe: wajawazito, wanaonyonyesha, na yeyote ambaye uzito wake umeshaanza kushuka bila kukusudia. Huyo wa mwisho anatafutiwa TB, VVU na sukari isiyodhibitiwa, hapongezwi.

Blenda ondoeni. Zawadi ya kilo huleta watu wasiokunywa maji tangu jana yake, wanaomeza vidonge vya kukojoa na majani ya kuharisha. Kama lazima zawadi, iwe ya mahudhurio. Na kupimana mbele ya kundi, hapana. Pazia, mtu mmoja mmoja, namba haisomwi kwa sauti. Aliyeongezeka nusu kilo mbele ya majirani zake Jumamosi ijayo humwoni.

---

ChunguChaPwani

Hiyo karatasi ya 1,200 nadhani naifahamu, zinazunguka sana mtandaoni. Shayiri kwa maziwa asubuhi, brokoli, tufaha moja saa kumi. Mama wa mitaa ya Tanga kama Ngamiani au Makorora ataikunja aweke kabatini.

1,200 kwa mtu wa kilo 84, sentimita 158, miaka 42 ni chini ya kile mwili wake unachotumia akiwa amelala tu. Kwa fomula ya Mifflin, inayokadiria nishati ya mwili uliopumzika kwa kilo, sentimita na umri wa mwanamke: (10 × 84) + (6.25 × 158) − (5 × 42) − 161 = takriban 1,456. Atavumilia wiki mbili. Lengo la kupunguza kama 500 kutoka kwenye anachokula sasa linabebeka zaidi, na linapatikana bila kubadilisha chakula cha nyumba. Ila lazima ujue anakula nini sasa, na hapo usimuulize "unakula kiasi gani", uliza nyumba inanunua nini.

Mfano wa kaya ya watu watano. Mafuta lita 5 kwa mwezi: lita moja kwa kila mtu, mililita 33 kwa siku, karibu kilokalori 275. Wakishuka hadi lita 3, kila mtu anaokoa karibu 110. Anayenunua mafuta ya kupima dukani, hesabu vipimo vya wiki. Nenda na bomba la sindano la mililita 50 ujue kipimo cha duka hilo kina ngapi, maana havilingani. Sukari: vijiko vitatu vya kujaa kwenye chai, mara tatu kwa siku, ni gramu 54 hivi. Kijiko kimoja badala ya vitatu kinaokoa 144. Mchele au unga: kilo moja kwa watano ni gramu 200 kwa mtu, kama 720 kwa mlo. Mlo wa usiku apike robo tatu ya kilo aongeze mchicha au tembele, ni 180. Soda ya mililita 350 kila siku ya pili akiiacha, ni kama 74. Jumla 508, na jikoni hakuna chakula kigeni kilichoingia.

Umeona nazi sijaitaja. Kwa Tanga hilo ndilo suala gumu: wali wa nazi, maharage ya nazi, mbaazi asubuhi na maandazi. Nyama ya nazi theluthi yake ni mafuta. Usiseme "acheni nazi", utapoteza kikao. Sema nazi moja badala ya mbili kwa kilo ya mchele, tui jepesi lipike, tui zito libaki kwa siku ya wageni. Na siku mchuzi una nazi, wali uwe mweupe.

Dodoso la saa 24 (mtu anataja alichokula na kunywa siku iliyopita) lifanye mara mbili kwa kila mtu, siku ya kazi moja na ya mapumziko moja. Kwanza mwache ataje vyote bila kumkatiza. Kisha mrudishe kwenye vinavyosahaulika: chai ya kwa jirani, kitumbua cha njiani, kuonja mchuzi, mabaki ya watoto. Halafu saa na mahali, halafu kiasi, mwisho umsomee yote. Wanaokula sinia moja usikadirie matonge. Uliza kilichopikwa, waliokula (watoto na watu wazima), kilichobaki, ugawanye. Jedwali la viini lishe vya vyakula vya Tanzania la 2008 lina vyakula vingi vya kwetu. Kinachokosekana angalia la Kenya la 2018. Akikupa jumla ya 1,100 na mwili wake unahitaji 1,456 akiwa kitandani, basi ama siku hiyo alikuwa mgonjwa au amefunga, ama kuna kitu hakijatajwa. Iwekee alama, usiifute.

Usimkemee pia. Wenye uzito mkubwa hupunguza taarifa zaidi ya wengine karibu kila walipopimwa kwa njia za maabara, na kemeo huongeza tatizo.

Neno moja la pembeni. Mtaani mtu akikonda anaulizwa "vipi, unaumwa?" au wanasema mume hamtunzi. Somo la wiki ya kwanza liwe hilo, kabla ya sahani na makundi ya vyakula. Wengi wanaoacha wiki ya tano wanaacha kwa sababu mtu amewaambia wamekwisha.

---

LisheMwambao

Asanteni sana wataalamu, mmenivunja moyo halafu mmeujenga. Blenda imeondoka.

Kengeuko, kuhusu kundi linganishi: nikichukua kituo cha pili wilaya jirani wasiopewa programu nikalinganisha, itafaa? Na 60 wanatosha? Halafu wengi wetu ni Waislamu, Ramadhani ikikatiza wiki 12 inakuwaje? MizaniSawa, wengi watakuja na baibui, nipunguze gramu ngapi?

---

Kengeuko

Kituo dhidi ya kituo, hapana. Unakuwa na vitengo viwili tu, kimoja kila upande. Wa kule wakiwa wavuvi na wa huku wauza duka, au nesi wa kule ni hodari zaidi, huwezi kuitenganisha tofauti hiyo na programu hata upime watu elfu. Gawanya ndani ya kituo kimoja: bahasha zisizopenya mwanga, zenye namba, zilizoandaliwa na mtu asiyeandikisha washiriki, zifunguliwe baada ya vipimo vya mwanzo. Mama na dada yake wa nyumba moja waingie bahasha moja, sufuria yao ni moja.

Kundi la pili lipewe kikao kimoja cha ushauri na kijitabu, lipimwe tarehe zile zile, na liingie programu baada ya miezi 12. Usiwaambie tu "subirini zamu". Anayesubiri huahirisha hata alichokuwa amepanga kufanya, na programu yako itaonekana bora kuliko ilivyo.

Idadi: mabadiliko ya uzito hutawanyika. Tuchukue mkengeuko sanifu (kiasi watu wanavyotawanyika kutoka kwenye wastani) wa kilo 4.5. Kuona tofauti ya kilo 2 kwa uwezekano wa 80% unahitaji kama 80 kila kundi, na ukitarajia robo kupotea, 107. Ukiwa na 60 kwa jumla, 30 kila upande, utaona kwa uhakika tofauti ya kilo 3.2 hivi na kuendelea, na programu chache zinazidi kijitabu kwa kiasi hicho. Kwa hiyo ama ongeza watu, ama hawa 60 waite majaribio ya awali na upime yale yanayopimika: wangapi kati ya waliokaribishwa waliingia, wangapi walibaki, gharama kwa kila mshiriki, mkengeuko halisi wa Tanga. Mimi ningechagua la pili. Linaheshimika, na andiko la fedha linalosema "tunajua 70% hubaki" lina nguvu kuliko linalosema kilo 3.

Ramadhani: vipimo vya mwanzo na vya mwisho viwe nje ya mwezi wenyewe, na angalau wiki tatu baada ya Idi. Futari ya kukaanga, daku, maji na usingizi vyote vinabadilika. Makundi mawili yakipimwa wiki ile ile athari inakuwa kote, lakini namba ya kabla na baada inapotea maana.

Kama mnakusudia kuchapisha, kibali cha maadili (kutoka taasisi za utafiti wa afya: NIMR kwa Bara, ZAHRI kwa Zanzibar) kinatangulia mshiriki wa kwanza. Hakitolewi nyuma.

---

MizaniSawa

Usipunguze gramu zozote. Mabaibui hayalingani, na ukiondoa makadirio umeingiza kosa jipya ndani ya kosa la zamani. Nunua kanga nyepesi sita za aina moja, chumba kiwe na pazia na mlango unaofungwa, mpimaji awe mwanamke. Anavua nje ya pazia la ndani, anajifunga kanga, anapanda mizani. Kanga zipime, andika uzito wake kwenye fomu, na zile zile zitumike miezi 12. Asiyetaka kuvua mwandikie alichovaa, na mara zote zinazofuata mwombe aje na vazi hilo hilo.

Weka ya saba akiba. Moja huwa inaondoka na mwenyewe.